Posho ya Dola 75: Marekani Ilivyoanza Kuwasomesha Washauri wa Shule

Kiangazi cha mwaka 1959 walimu wa sekondari kutoka majimbo mbalimbali ya Marekani walifunga safari kwenda vyuo vikuu kusomea kazi ambayo shule nyingi hazikuwa na mtu wa kuifanya: kukaa na mwanafunzi, kumsikiliza, kumpima uwezo wake na kumwonyesha njia. Serikali kuu iliwalipa dola 75 kwa wiki, na dola 15 zaidi kwa kila mtu anayemtegemea mwalimu. Mwalimu mwenye mke na watoto watatu alipata dola 135 kila wiki ya masomo. Alisoma bila kuiacha familia ikihangaika.

Fedha hizo zilitokana na hofu. Tarehe 4 Oktoba 1957 Umoja wa Kisovieti ulirusha Sputnik angani, mtambo wa kilo 83 hivi uliozunguka dunia ukitoa mlio wa redio, na Wamarekani wakaamini kwamba shule zao zimewaangusha. Haukupita mwaka, Rais Dwight Eisenhower akatia saini Sheria ya Elimu kwa Ulinzi wa Taifa, tarehe 2 Septemba 1958. Sehemu ya tano ya sheria hiyo iliwahusu washauri wa wanafunzi. Majimbo yalitengewa hadi dola milioni 15 kwa mwaka kwa ajili ya mitihani ya vipaji na huduma za ushauri, na vyuo vikuu vikapata fungu la kuwafundisha washauri wenyewe. Wabunge walitaka vijana wenye akili ya hisabati na sayansi watambuliwe mapema, wasipotee. Mtoto anayelia chooni wakati wa mapumziko hakuwa hoja yao.

Jina lenyewe la sheria linaonyesha fedha zilipita mlango gani: ulinzi. Hata aliyenufaika nayo alitakiwa kula kiapo cha utii kwa taifa na kuandika tamko kwamba haungi mkono chama chochote chenye nia ya kuipindua serikali. Baadhi ya vyuo vikuu, Harvard na Yale vikiwemo, vilijitoa katika mikopo ya sheria hiyo kwa kulipinga tamko hilo, na mwaka 1962 likafutwa.

Kazi yenyewe ilikuwapo kabla ya fedha. Lightner Witmer alifungua kliniki yake ya saikolojia katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania mwaka 1896, na wanafunzi wenye shida ya kusoma walikuwa miongoni mwa watu wake wa kwanza. Mwaka 1907 Jesse Davis, mwalimu mkuu huko Grand Rapids, Michigan, aliingiza ushauri katika vipindi vya Kiingereza. Mwaka 1915 Arnold Gesell aliajiriwa na jimbo la Connecticut kama mwanasaikolojia wa shule. Walikuwa watu wachache, kila mmoja akitegemea uelewa wa wakubwa wake.

Kilichobadili mambo kwanza ni vita. Katika Vita vya Pili vya Dunia zaidi ya vijana milioni moja walikataliwa jeshini kwa sababu za akili na neva, na waliorudi kutoka vitani walijaza hospitali. Mwaka 1946 Rais Harry Truman alisaini Sheria ya Taifa ya Afya ya Akili, na miaka mitatu baadaye ikaanzishwa taasisi ya taifa ya afya ya akili. Kwa mara ya kwanza serikali kuu ikaanza kuwalipia kwa wingi wanafunzi wa uzamili katika saikolojia, udaktari wa akili, ustawi wa jamii na uuguzi. Lakini wengi walielekezwa hospitalini na kwenye kliniki. Mwaka 1954 wanasaikolojia wa shule walipokutana katika Hoteli ya Thayer, West Point, kujadili namna ya kuwaandaa wenzao, nchi nzima ilikadiriwa kuwa nao kama elfu moja tu.

Ndiyo maana naiona posho ile ya 1959 kuwa hatua kubwa, hata kama nia yake ilikuwa nyembamba. Ilimkuta mtu mahali alipokwama kweli. Mwalimu hakukosa moyo wa kuwasaidia watoto. Alikosa fedha za kula akiwa darasani. Mwaka 1964 Bunge liliipanua sheria ili iguse pia shule za msingi, na mtoto mdogo akapata nafasi ya kukutana na mshauri kabla matatizo hayajaota mizizi.

Baadaye hofu ya Sputnik ikapoa. Sheria ya 1975 iliyowapa watoto wenye ulemavu haki ya kusoma iliongeza sana mahitaji ya wanasaikolojia wa shule, ila iliwafunga kwenye meza ya vipimo: kumpima mtoto, kuandika ripoti, kwenda kwa mwingine.

Fedha zenye uzito ziliporudi, zilikuja na hofu nyingine, ya risasi. Februari 2018 watu 17 waliuawa katika shule ya sekondari huko Parkland, Florida. Mwaka uliofuata Wizara ya Elimu ilianza kutoa ruzuku mahususi kwa ajili ya kuwaandaa wataalamu wa afya ya akili wa shule, kwa kiasi kidogo. Tarehe 24 Mei 2022 watoto 19 na walimu wao wawili waliuawa katika shule ya msingi huko Uvalde, Texas. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 25 Juni, Rais Joe Biden alisaini sheria iliyopitishwa kwa kura za vyama vyote viwili. Ndani yake mlikuwa na dola bilioni moja kwa ajili ya afya ya akili shuleni, zitolewe kwa miaka mitano: nusu ya kuajiri na kuwabakiza wataalamu, nusu ya kuwasomesha wapya.

Inafaa kuangalia kwa karibu fedha hizo zilikwenda kufanya nini. Anayesomea saikolojia ya shule kwa kawaida husoma miaka mitatu baada ya shahada ya kwanza. Mwaka wa mwisho ni wa mafunzo kazini, saa 1,200, na angalau 600 kati yake ziwe ndani ya shule. Ni kazi ya siku nzima: kufanya mahojiano na mtoto, kuketi na wazazi, kuitwa darasani panapotokea vurugu. Wengi hulipwa kidogo na wengine hawalipwi kabisa, huku kodi ya nyumba na deni la chuo vikiendelea. Hapo ndipo mtoto wa familia maskini huacha, na hapo ndipo shule za mitaa maskini na za vijijini hukosa mtu. Kwa ruzuku, chuo kikuu kiliungana na shule zenye uhaba, mwanafunzi alipunguziwa ada au alipewa posho, naye alifanya mafunzo yake katika shule hizo kwa matarajio kwamba angebaki huko.

Miradi mingi ilitafuta pia wanafunzi wanaotoka katika jamii za watoto wenyewe na wanaojua lugha zao. Jambo hilo linawagusa wasemaji wa Kiswahili. Kwa miaka kadhaa hadi 2024 Wakongo walikuwa kati ya makundi makubwa ya wakimbizi waliopokelewa Marekani, na watoto wao waliingia madarasani wakiwa wameona mambo ambayo fomu ya Kiingereza haiwezi kuyatoa midomoni mwao. Mshauri anayeelewa mama anaposema mwanawe halali usiku anaokoa miezi ya kubahatisha.

Tarehe 29 Aprili 2025 serikali ya Rais Donald Trump iliwaarifu wapokeaji kwamba ruzuku zao hazitaendelezwa. Thamani yake ilikuwa karibu dola bilioni moja. Wizara ilidai kwamba ruzuku hizo zilifuata vipaumbele vya serikali iliyopita, na ikalalamikia hasa namna miradi ilivyozingatia rangi na asili ya watu katika kuwachagua wanafunzi. Vyuo vilikuwa na watu waliokwisha kuanza. Anayesoma miaka mitatu hawezi kufuata kasi ya uchaguzi, na kumwacha njiani, kwa maoni yangu, ni kutupa fedha zilizokwisha kutumika pamoja na mtu mwenyewe.

Majimbo 16 yalikwenda mahakamani mjini Seattle, na mwezi Oktoba jaji akaizuia kwa muda hatua hiyo kwa baadhi ya wapokeaji katika majimbo hayo. Wakati huohuo wizara ilikuwa imetangaza shindano jipya la ruzuku, zaidi ya dola milioni 270, kwa wanasaikolojia wa shule peke yao. Washauri wa wanafunzi na wafanyakazi wa ustawi wa jamii waliachwa nje. Chama cha washauri wa shule kinapendekeza mshauri mmoja kwa wanafunzi 250. Katika mwaka wa masomo 2022–23 wastani wa nchi ulikuwa mmoja kwa 385.