Giniling: Habari za Kitoweo Kilichoingia Majumbani Mwetu



Mara nyingi tumeandika hapa habari za nasaba, za majahazi na za nyumba za mawe tulizoziacha. Leo nataka kuandika habari za sufuria. Katika nyumba nyingi za watu wetu hapa Omani na nchi za Ghuba, watoto wakiulizwa wapikiwe nini, hawatangulizi tena pilau wala wali wa nazi. Husema: giniling. Ni nyama ya kusaga ya Kifilipino, na wanaiita kwa jina lake kama tunavyosema sisi sambusa, pasi na kujiuliza limetoka wapi.

Jina lenyewe ni jepesi kulifahamu. Katika Kitagalogi, mzizi giling una maana ya kusaga, na giniling ni kilichosagwa. Basi ni nyama ya kusaga, sawasawa na tunavyosema sisi, au kima kwa wale waliolichukua neno la Kihindi. Jina lake jingine ni picadillo, nalo ni la Kihispania, litokalo katika kitenzi chenye maana ya kukatakata vipande vidogo vidogo. Majina hayo mawili yanatosha kutuonyesha kwamba chakula hiki kina wazazi wawili.

Wahispania walifika visiwa vile mwaka 1521 pamoja na Magellan, wakaanza kutawala mwaka 1565. Mwaka 1571 waliutwaa mji wa Manila, ambao mtawala wake alikuwa Mwislamu, Raja Sulayman. Tangu 1565 hata 1815, merikebu zao zilikuwa zikivuka bahari kuu baina ya Manila na Acapulco, katika nchi ya Meksiko. Zilikwenda na hariri na vyombo vya Kichina, zikarudi na fedha. Kwa njia za Wahispania hao mazao ya Amerika, mbatata na tungule miongoni mwao, yaliingia katika vyungu vya Wafilipino. Ndiyo maana Mfilipino huita tungule kamatis, neno lenye asili katika lugha ya wenyeji wa Meksiko, na mbatata huziita patatas.

Hapo msomaji wa pwani yetu na asimame kidogo. Sisi tunasema mbatata. Neno hilo tulilipata kwa Wareno, ambao Vasco da Gama aliwafungulia njia ya pwani yetu mwaka 1498, na ambao Waomani waliwatoa katika Ngome ya Mombasa mwaka 1698. Wareno na Wahispania walikuwa majirani, na wote wawili walilichukua neno batata kwa watu wa visiwa vya Karibi. Vivyo hivyo sisi tunasema meza na Wafilipino wanasema mesa. Sisi kwa Mreno, wao kwa Mhispania. Nao Wafilipino huita sukari asukal. Wameipata kwa Wahispania, na Wahispania waliipata kwa Waarabu waliokaa Andalusi tangu 711 hata 1492. Neno moja la Kiarabu lilitoka kwa milango miwili, likafika Unguja kwa jahazi na Manila kwa merikebu. Hata shukrani yao, salamat, asili yake ni Kiarabu, iliyowafikia kwa njia ya Kimalei.

Namna ya kupika haina shida. Chukua nusu kilo ya nyama ya ng'ombe ya kusaga. Kaanga kwanza thomu iliyopondwa, kisha kitunguu, kisha tungule mbili, uziache mpaka zivurugike kabisa. Hapo ndipo ilipo siri ya ladha yake. Tia nyama, uigeuzegeuze mpaka ibadilike rangi. Ongeza vijiko viwili vya sosi ya soya, pilipili manga, na maji kikombe kimoja. Tia mbatata mbili na karoti moja zilizokatwa vipande vidogo vya mraba, ufunike kwa muda wa robo saa hivi, mpaka mbatata ziive na mchuzi upungue. Mwisho tia njegere, na wapendao hutia zabibu kavu. Huliwa kwa wali mweupe. Hakina nazi, wala bizari, wala mdalasini. Wazee wetu hukikamulia ndimu na kuweka pilipili mbichi kando, na Wafilipino hawalioni hilo kuwa geni, kwani wao wana kalamansi, ndimu yao ndogo.

Kimefikaje kwetu? Mwaka 1974 serikali ya Ufilipino, chini ya Marcos, ilitunga sheria ya kazi iliyoweka utaratibu wa kupeleka wafanyakazi nchi za nje, wakati ambapo mafuta yalikuwa yameitajirisha Ghuba. Walikuja wauguzi, mafundi na watumishi wa majumbani. Wengi wa watu wetu nao walikuwa wageni wa karibuni hapa: wapo waliotoka Unguja baada ya mapinduzi ya 1964, na wengi waliorejea Omani baada ya Sultan Qaboos kushika utawala mwaka 1970. Basi jikoni walikutana watu wawili walioacha kwao, mmoja akiwa mwenye nyumba, mwingine akiwa mtumishi.

Na hapa ndipo nilipokusudia kufika. Nasaba zetu zimeandikwa, fulani bin fulani, hata babu wa saba na kupita. Lakini nani alikuwa jikoni? Biashara ya watumwa Unguja ilipigwa marufuku kwa mkataba wa 1873, na hali ya utumwa ikaondolewa kisheria mwaka 1897. Katika majumba makubwa, wengi waliopika na kulea walikuwa watumwa waliotolewa bara, Wayao, Wanyasa na Wamanyema, na baada yao vizazi vyao. Vyakula tunavyoviita vyetu vimepita mikononi mwao. Wengine wao ni bibi zetu wa damu. Majina yao hayamo katika karatasi zetu, na leo hakuna wa kumuuliza.

Sisemi kwamba mfanyakazi wa mshahara ni mtumwa. Lakini zipo nyumba ambamo pasipoti ya mfanyakazi hufungiwa kabatini mwa tajiri wake, na mshahara hucheleweshwa, na mwenye nyumba akajisifu kuwa watoto wake wanampenda yaya. Mapenzi ya mtoto hayalipi deni la baba yake. Na kusahau jina la aliyekulea ni kusahau kule kule kwa zamani.

Basi nawaombeni jambo moja, hasa nyinyi mnaokusanya habari za koo zenu. Mkiandika vyakula vya nyumba, andikeni na giniling. Pembeni yake, kwa idhini ya mwenyewe, andikeni jina kamili la aliyekileta, mji aliotoka, majina ya watoto aliowaacha kwao, na miaka aliyokaa nanyi. Muulizeni naye kafundishwa na nani. Fanyeni hivyo angali hapa, kabla mkataba wake haujamalizika akapanda ndege.