Essential Air Service: ndege za vijijini zinazolipiwa na serikali ya Marekani

Marekani ina miji midogo ambako ndege ya abiria inatua kwa sababu tu serikali inalipia. Mpango huo, Essential Air Service, ulitokana na sheria ya 1978 iliyosainiwa na Rais Jimmy Carter, iliyoyapa mashirika ya ndege uhuru wa kuchagua njia na kupanga nauli. Hofu ilikuwa kwamba yangekimbilia miji mikubwa tu. Ulipangwa kudumu miaka 10. Mpaka leo upo.

Wizara ya Uchukuzi inaitisha zabuni, kisha inayeshinda analipwa kufidia hasara. Sehemu ya pesa inatoka kwenye ada za ndege zinazopita anga ya Marekani bila kutua nchini humo.

Wakosoaji wanasema ndege nyingine huruka karibu tupu, na mwaka 2017 serikali ya Donald Trump ilipendekeza mpango ufutwe. Wana hoja pale ambapo uwanja mkubwa uko karibu kwa gari. Alaska sasa, hiyo ni habari nyingine kabisa: vijiji vingi havina barabara ya kutokea, hivyo mgonjwa, barua na chakula vyote hutegemea kindege kimoja. Ndiyo maana kikomo cha ruzuku kwa kila abiria, kinachoibana miji mingine, hakiigusi Alaska.