Plagi ya Motokaa: Historia ya Cheche Ndogo

   Lisome somo hili polepole, na kama jirani yako bado hajui kusoma vema, msomee kwa sauti.

Somo la leo ni historia ya kitu kidogo kinachoitwa plagi. Pengine umekwisha kuiona mikononi mwa fundi: kipande cha chuma chenye kauri nyeupe juu, na ncha mbili ndogo chini. Umeme huruka kutoka ncha moja hadi nyingine, nayo cheche hiyo huwasha petroli ndani ya injini. Ukitia plagi isiyofaa, unaweza kuharibu injini iliyogharimu fedha nyingi sana. Tena kosa lenyewe huweza kuwa la herufi moja tu. Ndiyo maana somo hili linamfaa mtu anayejifunza kusoma.

Kwanza tufahamu kazi ya injini. Ndani ya silinda, pistoni huvuta hewa iliyochanganyika na petroli, kisha huibana. Hewa hiyo ikiisha kubanwa lazima iwashwe mara moja, kwa wakati wake barabara. Moto huipanua, nayo huisukuma pistoni, na gari likaenda. Sasa jiulize: katika chumba kilichofungwa pande zote, moto utawashwaje? Swali hilo liliwasumbua mafundi wa Ulaya kwa miaka mingi.

Mwaka 1860, mjini Paris, Étienne Lenoir, mzaliwa wa nchi ya Ubelgiji, alipata hati ya kulinda uvumbuzi wake wa injini ya gesi. Yeye aliwasha gesi kwa cheche ya umeme. Basi plagi ni kongwe kuliko motokaa.

Lakini wengine hawakuuamini umeme. Mwaka 1876 Nikolaus Otto wa Ujerumani alitengeneza injini ya mipigo minne, ambayo ndiyo mama wa injini za petroli za leo. Injini hiyo iliwashwa kwa mwali wa moto ulioingizwa kupitia tundu lililofunguka na kufungwa. Gottlieb Daimler naye alitumia kibomba kilichopashwa moto kwa taa hata kikawa chekundu. Fikiri mwenyewe: taa inayowaka karibu na petroli, juu ya gari linalotikisika! Hatari yake ilikuwa dhahiri.

Karl Benz alichagua umeme. Gari lake la magurudumu matatu, alilolipatia hati mwezi wa Januari 1886, lilikuwa na betri, koili na plagi. Hata hivyo umeme huo ulimpa taabu kuliko sehemu nyingine za gari. Mwezi wa Agosti 1888 mke wake, Bertha, aliliendesha gari kutoka Mannheim hadi Pforzheim, safari ya kilomita zipatazo 100. Husimuliwa kwamba njiani waya wa umeme ulichubuka, naye akaufunga kwa ukanda wa soksi yake ili umeme usipotee.

Betri za siku hizo zilikwisha upesi. Dawa ilitoka katika karakana ya Robert Bosch mjini Stuttgart. Mwaka 1902 fundi wake, Gottlob Honold, alifanikiwa kutengeneza magineto yenye umeme wa nguvu nyingi pamoja na plagi ya kuutumia. Magineto ni mashine inayotoa umeme kwa sumaku na nyaya injini inapozunguka. Tangu hapo cheche iliweza kutolewa kwa kasi na bila kusitasita, na injini nazo zikaongezwa mwendo.

Sasa chukua kalamu tufanye hesabu. Injini ya mipigo minne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila plagi hutoa cheche mara moja katika kila mizunguko miwili. Basi ni cheche 1,500 kwa dakika. Gawanya kwa 60: ni cheche 25 kwa kila sekunde. Kwa saa moja ni cheche 90,000. Na kila cheche huwasha moto unaopita digrii 2,000 za Selsiasi. Sasa unaelewa kwa nini kauri za zamani zilipasuka.

Ili kuiokoa plagi, mafundi wengine walitumia ulanga. Ulanga ni madini yanayobanduka matabaka membamba kama karatasi, nao hauruhusu umeme kupita. Watu wa Morogoro wanaujua, maana katika milima ya Uluguru ulichimbwa tangu zama za Wadachi. Huko Uingereza Kenelm Lee Guinness, dereva wa mashindano, alijulikana kwa plagi za ulanga zilizoitwa KLG.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, 1914 hadi 1918, jambo hili likawa la kufa na kupona. Injini nyingi za ndege zililainishwa kwa mafuta ya mbarika, nayo yalizilowesha plagi. Plagi ikilowa, cheche hufa. Dereva wa motokaa hushuka akaisafisha kando ya barabara, lakini rubani aliye juu angani atashukia wapi?

Baada ya vita kukaja adui mwingine. Mwaka 1923, Marekani ilianza kuuza petroli iliyotiwa risasi, yaani madini yale mazito, ili injini isigonge. Risasi hiyo iliacha uchafu juu ya plagi, tena iliula ulanga. Kwa hiyo katika miaka ya 1930 mafundi waligeukia kauri mpya iliyochomwa kwa joto kali kutokana na alumina, yaani unga unaopatikana katika udongo wa alumini. Kauri ya namna hiyo ndiyo unayoiona hata leo. Risasi yenyewe ilidhuru pia watu, hasa watoto, kwa kupita katika hewa. Nchi za Afrika kusini ya Sahara ziliiacha mwanzoni mwa 2006, na nchi ya mwisho duniani kuiuza kwa motokaa ilikuwa Algeria, iliyokoma mwaka 2021.

Sasa tufike kwenye fundisho kubwa ambalo mafundi walilipata kwa kuharibu injini nyingi: hakuna plagi moja inayofaa injini zote. Ncha ya plagi yataka joto la kiasi. Ikiwa chini ya digrii 450 hivi, masizi hayaungui. Hujilimbikiza, na umeme hupotelea humo. Ikizidi sana digrii 850, ncha huwa kama kaa la moto, ikawasha petroli kabla ya cheche. Hapo pistoni huweza kutoboka.

Kwa sababu hiyo viwanda hutengeneza plagi za moto na plagi za baridi. Usidhani kwamba moja hutoa cheche yenye joto kuliko nyingine. Tofauti iko katika pua ya kauri iliyo chini. Pua ndefu hukawia kupoa. Hiyo ndiyo plagi ya moto, nayo hufaa injini ya kazi nyepesi. Pua fupi hupoa upesi. Hiyo ndiyo plagi ya baridi, nayo hufaa injini ya nguvu nyingi na mwendo mkali.

Kiasi hicho huandikwa kwa tarakimu. Lakini angalia sana! Katika plagi za NGK, kiwanda kilichoanzishwa Nagoya, Japani, mwaka 1936, tarakimu ikipanda plagi ni baridi zaidi. Katika plagi za Bosch za siku hizi na za Champion ni kinyume: tarakimu ikipanda plagi ni moto zaidi. Anayebadili kiwanda kwa kulinganisha tarakimu tu atapotea.

Tusome mfano: BP6ES, plagi ya NGK. B inaonyesha kwamba nyuzi za kufungia zina upana wa milimita 14. P, kwamba pua imechomoza. Tarakimu 6 ni kiasi cha joto. E, kwamba sehemu yenye nyuzi ina urefu wa milimita 19. S ya mwisho ni ya aina ya ncha. Sasa tazama BP6HS. Zimepitana kwa herufi moja, lakini H ni urefu wa milimita 12.7. Ukifunga ile ndefu mahali pa fupi, pistoni huweza kuigonga. Ukifunga fupi mahali pa ndefu, cheche hujificha ndani ya tundu, na masizi huzijaa nyuzi zilizobaki wazi.

Basi, unapotaka kununua, anza kwa kusoma kitabu cha gari. Usimwachie muuza duka akuchagulie kwa macho, wala usiidharau plagi kuukuu, maana nayo husomwa. Subiri injini ipoe, uifungue, uitazame ncha. Rangi ya kahawia hafifu ni dalili njema. Masizi meusi makavu huonyesha kwamba petroli imezidi, au plagi ni baridi mno. Mafuta yenye kulowesha huonyesha kwamba huenda ringi za pistoni zimelika. Ikiwa nyeupe yenye malengelenge, joto limezidi. Usiendelee na safari ndefu kabla ya kumwona fundi.

Mwisho, kumbuka kwamba gari la dizeli halina plagi za cheche. Rudolf Diesel alionyesha mwaka 1897 kwamba hewa ikibanwa sana huwa na joto la kutosha kuwasha mafuta. Gari la umeme nalo halina moto wa kuwasha. Lakini pikipiki na motokaa nyingi barabarani kwetu bado huishi kwa cheche hii.

Maswali ya kuzungumza darasani:

1. Kwa nini taa ya Daimler ilikuwa hatari?
2. Injini ikizunguka mara 2,400 kwa dakika, kila plagi hutoa cheche ngapi kwa sekunde?
3. Plagi ya moto na plagi ya baridi zatofautiana wapi?

Kabla ya somo la juma lijalo, mwombe dereva au fundi plagi kuukuu. Ipanguse, usome herufi na tarakimu zake, kisha uziandike katika daftari lako. Kwaherini.