Kutoka Mtangawanda hadi Faza

Maji yakipwa, chombo hakiingii Pate. Abiria hushukia Mtangawanda, penye kina, wakashika njia ya miguu. Katika kisiwa hiki, bahari ndiyo iliyoamua nani aingie na nani asiingie.

Pate yenyewe ni kuta za matumbawe zilizosimama kati ya mashamba ya tumbaku. Ilikuwa dola, nguvu zake zilivunjika yapata 1812, ilipoungana na Mazrui wa Mombasa ikashindwa na watu wa Lamu ufukweni Shela. Ni majumba ya mji huu aliyoyalilia Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir katika Al-Inkishafi.

Mbele ni Siyu, mji wa wanavyuoni, waandishi wa misahafu na mafundi wa ngozi. Hori lake ni jembamba, limezingwa na mikoko, na hupitika maji yajaapo tu. Miaka ya 1840, chini ya Bwana Mataka, Siyu iliyarudisha nyuma majeshi ya Seyyid Said. Haikusalimu amri ila 1863, zama za Seyyid Majid. Mjane wa Mataka, Mwana Kupona binti Msham, mzaliwa wa Pate, alimtungia bintiye utendi wa wasia mwaka 1858.

Mwisho ni Faza, iliyoteketezwa na Wareno mwaka 1587, ikajengwa tena.

Hori lililowazuia maadui wa Siyu liliwazuia pia wenye vyombo vikubwa vya biashara. Ngome ingalipo, bandari imenyamaza. Utendi haukungoja maji kujaa: ulivuka kwa hati na kwa vinywa vya wanawake, ukafika Lamu, ukafika Mombasa.