Mashoka na Fuko la Fedha: Utafiti wa Mbung'o Katika Shinyanga

Utafiti wa mbung'o katika Shinyanga ulipata mashoka kabla ya kupata fedha. C.F.M. Swynnerton, mkuu wa idara ya wanyama pori wa Tanganyika tangu 1919, alifanya majaribio yake huko katika miaka ya 1920, kabla haijaundwa idara ya utafiti huo. Mbung'o wa nyika ile huhitaji kivuli. Kichaka kikifyekwa, hukosa maficho na jua humdhuru. Basi watemi waliwaita watu, na Wasukuma wakatoka kwa maelfu kufyeka miiba pasipo mshahara. Wala hawakutoka kwa kumridhisha mgeni, kwani ng'ombe waliokufa kwa nagana walikuwa wao, na malisho yaliyomezwa na pori yalikuwa yao pia.

Fedha zilifuata. Sheria ya Maendeleo ya Makoloni ya 1929 iliruhusu Uingereza kutoa hadi pauni 1,000,000 kwa mwaka kwa makoloni yake yote, na kutoka fuko hilo Idara ya Utafiti wa Mbung'o ilisaidiwa, makao yake yakiwa Shinyanga. Lakini sheria yenyewe ilitaja wazi shabaha ya kukuza biashara na viwanda vya Uingereza. Ng'ombe wa Msukuma aliingia humo kwa mlango wa nyuma. Swynnerton alikufa katika ajali ya ndege mwaka 1938.

Hata hivyo fikira kubwa ilizaliwa pale. F.L. Vanderplank aligundua kwamba mbung'o wa aina mbili wakipandana, uzazi huharibika; akapendekeza mwaka 1944 kwamba mdudu atumiwe kummaliza mdudu, akaijaribu njia hiyo porini. Baada ya vita, utafiti uliunganishwa kwa Afrika Mashariki nzima, makao yakawa Tororo, Uganda, na Shinyanga ikafifia. Matokeo kamili ya jaribio lile yalichapwa mwaka 2005 tu, na kwa mikono ya wengine. Hasara ya namna hii haionekani katika hesabu yoyote ya pauni.

Kwa wakati huo Unguja ilikuwa imekwisha kusafishwa. Katika miaka ya 1990 mbung'o madume walizalishwa Tanga, wakagumbishwa kwa mionzi, wakaachiwa kisiwani kutoka ndegeni. Mwaka 1997 kisiwa kikatangazwa kuwa hakina mbung'o. Tanzania ilikwisha kuwa na Tume yake ya Sayansi na Teknolojia tangu 1986, ikatoa wataalamu na mahali; lakini mfadhili mkuu alikuwa Vienna, katika Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki.