Umegongwa na dereva asiye na bima? Usikubali kulipwa barabarani

Jamaa yangu mmoja hupeleka nguo za biashara Kitale kutoka hapa Mombasa. Safari iliyopita, karibu na Kiminini, Probox iliyokuwa ikipita magari mengine ilimgonga ubavuni. Bega likateguka. Dereva wa Probox alishuka akamwambia kwa upole, "Mzee wangu, mimi sina bima. Shika hizi elfu kumi na tano tuachane kwa amani." Jamaa akazipokea, akatia sahihi kwenye karatasi ya daftari kwamba hana dai lingine. Hospitali peke yake ilikula zaidi ya mara mbili ya pesa hizo, na gari bado limelala gereji.

Naandika haya kwa sababu wengi wetu tuko kwenye barabara hizo, iwe Webuye hadi Kitale au Bungoma hadi Malaba. Kukosa bima hakumfutii mtu deni. Kunachobadilika ni mlipaji tu: hakuna kampuni ya kudai, unamdai mwenye kosa mwenyewe.

Papo hapo barabarani

Majeruhi kwanza. Katiba, kifungu cha 43, inasema mtu hawezi kunyimwa matibabu ya dharura, kwa hivyo mpeleke hospitali ya rufaa ya kaunti, Kitale au Bungoma, hata kama mfukoni hamna kitu.

Kabla magari hayajasogezwa, piga picha za nambari za usajili, stika ya bima kwenye kioo, alama za breki na pande zote za magari. Chukua jina, simu na kitambulisho cha dereva, na simu za mashahidi wawili. Wanabodaboda wa steji iliyo karibu huona mengi.

Sheria ya Trafiki inamtaka dereva asimame, atoe jina na anwani yake, na ajali iripotiwe polisi ndani ya saa 24. Usitoke kituoni bila nambari ya OB. Baadaye fuatilia abstrakti ya polisi, na kama umeumia, fomu ya P3 ijazwe na daktari. Weka kila risiti, hata ya dawa ya mia mbili.

Hakikisha kweli hana bima

Wako wanaosema "sina bima" ili usiende mbali, na wako wenye stika bandia. Cheti cha bima siku hizi kiko kwenye mfumo wa kidijitali, kwa hivyo waombe polisi au wakala wako wa bima wakague nambari ya gari. Kama ni lori la Uganda, uliza Yellow Card ya COMESA. Hiyo ni bima inayotambulika hapa Kenya.

Tazama pia kama kosa ni la mmoja tu. Ukiwa abiria wa matatu yenye bima, na dereva wa matatu naye alichangia ajali, bima ya matatu inaweza kudaiwa. Na ikiwa gari lako lina bima kubwa, arifu kampuni yako mara moja. Itatengeneza gari kulingana na mkataba wako, kisha yenyewe imfuate mkosaji. Bima ya mtu wa tatu pekee haitatengeneza gari lako.

Nani wa kudaiwa

Usimshike dereva peke yake. Huenda hana hata baiskeli. Fanya utafutaji wa gari NTSA kupitia eCitizen ujue limeandikwa kwa jina la nani. Kisheria, aliyeandikishwa huhesabiwa kuwa mwenye gari mpaka ithibitishwe vingine. Dereva akiwa kazini kwake, mwenye gari huweza kudaiwa pamoja naye.

Mahakamani

Dai lisilozidi shilingi milioni 1 linaweza kupelekwa Mahakama ya Madai Madogo, ambako unaweza kujisemea mwenyewe na kesi inatakiwa kuisha ndani ya siku 60. Uliza kwenye rejista ya mahakama ya Kitale au Bungoma. Dai kubwa huenda kwa hakimu, na hapo tafuta wakili. Dereva akitiwa hatiani kwenye kesi ya trafiki, hukumu hiyo itakusaidia sana.

Muda ni miaka 3 tangu ajali. Kwa aliyefariki, familia huhesabu miaka 3 tangu siku ya kifo. Ukishinda na asilipe, mahakama inaweza kuamuru mali yake ikamatwe na dalali, gari lenyewe likiwemo. Ukisikia anauza mali ili akukwepe, wakili wako anaweza kuomba izuiwe kabla ya hukumu.

Mkitaka kupatana

Kupatana ni kuzuri, lakini si siku ile ile, damu ikiwa bado haijakauka. Ngoja daktari na fundi waseme gharama. Andikeni kiasi chote, tarehe za malipo na majina ya mashahidi. Malipo yapitie M-Pesa ili yabaki na rekodi. Usitie sahihi neno "sina dai lingine" kabla shilingi ya mwisho haijaingia.

Jamaa yangu sasa anahangaika na wakili kuona kama karatasi ile ya daftari inaweza kuvunjwa. Elfu kumi na tano zilizompa afueni ya saa moja ndizo zinazomfunga mikono leo. Ukigongwa, pokea pole, lakini pesa mwambie mtazungumza baada ya hospitali na polisi.