Mwalimu Mkali wa Charing Cross Road

Juni 2011, kwenye jukwaa la Louis Vuitton jijini Paris, miraba myekundu na ya buluu ya shuka la Kimasai ilipita mabegani mwa wanamitindo huku wanunuzi wa dunia nzima wakitazama. Mbunifu alikuwa Kim Jones, Mwingereza aliyekuwa akionyesha kazi yake ya kwanza katika nyumba hiyo ya mitindo. Utoto wake ulipitia Ethiopia, Kenya, Tanzania na Botswana, maana baba yake alikuwa mtaalamu wa maji ya chini ya ardhi na familia ilihama naye. Watetezi wa haki za Wamasai hadi leo huitaja kazi ile wanapouliza ni nani hasa anayelipwa kwa miraba hiyo. Swali lao ni halali na linastahili makala yake. Hapa namfuata mtu mwingine: mwanamke wa London aliyemfundisha Jones, na ambaye kwa miaka ishirini na ushee aliwachonga wabunifu walioshika nyumba kubwa za mavazi Ulaya.

Jina lake Louise Wilson. Wavaaji wengi hawajapata kulisikia, kwa kuwa halikushonwa kwenye ukosi wa nguo yoyote.

Kiti alichokalia kilitengenezwa na wanawake wawili waliomtangulia. Wa kwanza ni Muriel Pemberton, binti wa Tunstall, kwenye mji wa vyungu wa Stoke-on-Trent. Mwishoni mwa miaka ya 1920 alikuwa mwanafunzi wa chuo cha sanaa cha kifalme, Royal College of Art, na akataka kusomea mavazi. Kozi ya namna hiyo haikuwapo. Wakati huo kushona kulihesabiwa kazi ya mikono, na sanaa ilikuwa rangi na turubai. Mkuu wa idara akamwambia kwamba kama anaitaka kozi hiyo, aipange mwenyewe. Pemberton hakutishika. Alikwenda kwenye nyumba ya ushonaji wa matajiri, akawachorea michoro ili naye aruhusiwe kutazama mafundi wakifanya kazi, kisha akatafuta pa kujifunza kukata patani. Mwaka 1931 akapata stashahada ya kwanza ya mitindo kutolewa na chuo hicho. Akaanza kufundisha mitindo katika chuo cha sanaa cha Saint Martin's jijini London, na hakuondoka hadi 1975. Akili yangu inaniambia kwamba huyu ndiye aliyefanya kazi ngumu kuliko wote, ingawa vitabu vya mitindo humpa mistari michache tu.

Wa pili, Bobby Hillson, alianzisha kozi ya uzamili ya mitindo chuoni hapo mwaka 1978. Siku moja alifikiwa na kijana mnene, mwenye nywele zilizonyolewa, mtoto wa dereva wa teksi wa mashariki mwa London, aliyeacha shule akiwa na miaka 16 na kujifunza ushonaji wa suti katika mtaa wa Savile Row. Kijana alikuja kuomba kazi ya kufundisha ukataji. Kazi haikuwapo, lakini Hillson aliona alichokuwa nacho mkononi akampa nafasi ya kusoma, bila shahada ya kwanza. Ada ililipwa na shangazi. Huyo ndiye mbunifu Alexander McQueen. Magazeti mengi humweka kwenye orodha ya wanafunzi wa Wilson, lakini haki ya kumpokea ni ya Hillson. McQueen alihitimu 1992, na mwaka huohuo Wilson akakabidhiwa kozi.

Wilson alizaliwa Cambridge mwaka 1962, akakulia mpakani mwa Scotland na Uingereza, nchi ya kondoo na viwanda vya sufu. Alisoma Preston, kisha akaingia Saint Martin's na kumaliza uzamili mwaka 1986. Chuo hicho kiliunganishwa na chuo cha Central School mwaka 1989 na kuwa Central Saint Martins, lakini jengo lilibaki lilelile la Charing Cross Road, ukingoni mwa Soho, ambamo kundi la muziki la Sex Pistols lilipiga onyesho lao la kwanza mwaka 1975. Mwishoni mwa miaka ya 1990 alikwenda New York kuongoza ubunifu katika nyumba ya Donna Karan. Angeweza kubaki huko akatajirika. Hatimaye darasa lilimrudisha.

Alikuwa mwanamke wa mwili mkubwa, aliyevaa nyeusi siku zote, mwenye matusi mdomoni. Mwanafunzi aliingia ofisini mwake na michoro ya wiki nzima, akatoka ameambiwa arudie yote. Wengi walilia. Hayo ndiyo yanayosimuliwa zaidi, na nadhani yamesimuliwa kupita kiasi, kwa kuwa ukali ni rahisi kuukumbuka na rahisi kuuiga. Walimu wakali wapo kila mahali. Waliotoa wabunifu kama wale wanahesabika.

Alichokuwa akikidai ni utafiti. Maktaba kwanza, vitabu vya zamani, picha, vitambaa vya kushikwa kwa mkono, halafu kuchora na kuchora tena. Mwanafunzi aliyeleta kitu kilichokwishaonekana kwenye jukwaa la mtu mwingine alikuwa amejitafutia balaa, kwani Wilson alikuwa na kumbukumbu ya ajabu ya nguo na alijua nani aliifanya na lini. Wala hakutaka mtu amwige yeye. Fundi wa mtaani hupenda mwanagenzi wake akate kama yeye, na mteja asione tofauti ya mkono. Wilson aliona mfanano huo kuwa kushindwa kwake mwenyewe.

Watazame waliotoka. Jonathan Saunders, Mskoti, alimaliza 2002 akiwa bingwa wa rangi na uchapaji wa vitambaa, na McQueen akamwita upesi amchapie vyake. Jones naye alitoka darasa hilo, na mbunifu John Galliano akanunua sehemu ya kazi yake ya kuhitimu. Christopher Kane, kutoka kijiji cha karibu na Motherwell, alihitimu 2006, na miezi michache baadaye akaonyesha magauni ya rangi kali yaliyobana mwili kama bendeji. Mary Katrantzou, Mgiriki aliyeanzia kwenye usanifu majengo, alichapa vito vikubwa juu ya magauni yasiyo na kito hata kimoja. Simone Rocha wa Dublin alileta lulu na leisi, Craig Green akaleta makoti ya kazi yenye kamba zinazoning'inia. Weka nguo zao kwenye kamba moja ya kuanikia, hakuna atakayedhani zimetoka darasa moja.

Kila Februari kazi bora za darasa zilionyeshwa katika wiki ya mitindo ya London, kwenye ratiba moja na nyumba zilizokomaa. Si kila mwanafunzi aliingizwa, na aliyeachwa alijua ameachwa mbele ya macho ya nani. Hapo sikubaliani na wanaomsifia Wilson kwa kila kitu. Mwalimu mwenye uwezo wa kufungua mlango wa Paris kwa simu moja ana mamlaka makubwa mno juu ya kijana wa miaka 24, na matusi kutoka kinywani mwake huwa na uzito mwingine. Vyuo vya leo visingemvumilia, na kwa hilo vina haki. Lakini simu hizo alizipiga kweli. Aliwatafutia kazi hata wale waliokuwa wakimkimbia kwenye korido.

Mwaka 2008 malkia wa Uingereza alimpa nishani ya OBE. Mwaka 2011 chuo kilihamia King's Cross, kwenye ghala la nafaka la karne ya 19 lililokarabatiwa, na Wilson hakuficha kwamba hakulipenda. Kilichomkera zaidi ya kuta ni pesa. Kizazi chake kilisoma kwa ruzuku ya serikali. Mwaka 2012 vyuo vya Uingereza viliruhusiwa kutoza hadi pauni 9,000 kwa mwaka katika shahada ya kwanza, na aliyemaliza na deni hilo hufikiri mara mbili kabla ya kukopa tena kwa ajili ya uzamili.

Alifariki usingizini huko Scotland Mei 2014, akiwa na umri wa miaka 52. Ibada ya kumkumbuka ilifanyika Februari 2015 katika Kanisa Kuu la St Paul's, lilelile alimokumbukwa marehemu McQueen mwaka 2010. Kozi ilikwenda kwa Fabio Piras, mhitimu wa chuo hichohicho, na ukaanzishwa mfuko wa kuwasomesha wanafunzi kwa jina la Wilson. Mfuko huo ni jambo jema. Ila Hillson hakuhitaji mfuko kumpokea mtoto wa dereva wa teksi; alihitaji kiti kimoja kilichobaki wazi, na shangazi mwenye akiba kidogo.